Mtu wa Nne wa Magari ya Mfuo

Kati ya watu wote walioupa kisogo mchezo wetu, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ndogo kuliko wote, na mimi ndiye niliyeutia kaburini. Wenzangu waliondoka kwa sababu za watu wazima. Mmoja alinunua gari, mwingine alihamishwa kikazi, mwingine alifungua duka la vitambaa akawa anashinda humo Jumamosi yote. Mimi sikununua kitu wala sikuhamishwa popote. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, nimejifunika blanketi la mke wangu, nakunywa chai.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana siku hizi nikiutaja watu wananitazama kama naelezea ugonjwa. Chukua meza ya mbao, ndefu kuliko chumba cha kulala cha kawaida. Juu yake kuna barabara inayopinda na kurudi ilikoanzia, na katikati ya kila njia kuna mfuo mwembamba, wa kupitisha sarafu ikiwa imesimama. Kandokando ya mfuo zimelazwa tepe mbili za shaba, na kwenye hizo tepe unapita umeme mdogo, volti kumi na mbili, usioweza kumdhuru hata panzi. Kigari chenyewe kinaenea kiganjani. Kina mota tumboni na ulimi mdogo chini, na ule ulimi ndio unaoingia kwenye mfuo. Wewe umesimama pembeni umeshika swichi yenye umbo la bastola. Ukiminya, kigari kinakimbia. Ukiminya zaidi, kinakimbia zaidi. Ukijisahau kwenye kona, ulimi unachomoka na kigari kinaruka mpaka sakafuni. Ndiyo yote. Huwezi kukata kulia wala kushoto, huwezi kumziba mwenzako njia. Unachotakiwa kujua ni lini uachie.

Kwa mtu wa aina yangu, gari lisiloweza kwenda mahali pengine zaidi ya pale lilipokuwa jana lilikuwa gari la maana sana.

Meza yetu ilikuwa Themi, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa useremala kabla ya kustaafu. Ilianzia Olmotonyi, kwenye chuo cha misitu. Kulikuwa na Mzungu aliyekuja kufundisha mambo ya misitu, akawa na vigari vyake kwenye sanduku, akamwomba mzee amchongee barabara. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, na kwa kuwa meza haingii kwenye ndege, akamwachia mzee kila kitu. Mzee aliibomoa, akaisafirisha kwa lori la kuni, akaijenga upya ndani ya banda la gari la nyumba yake. Gari hakuwa nalo. Zamani hizo Arusha ilikuwa na nyumba nyingi zenye mabanda ya namna hiyo, yaliyojengwa na watu waliokuwa na magari na kurithiwa na watu wasiokuwa nayo. Wengi walifugia kuku. Mzee aliziba lile lango kubwa kwa tofali kuzuia vumbi, akaacha mlango wa mtu mmoja, akapigilia meza kwenye kuta tatu. Ikawa kama vile nyumba imeota meza.

Nilipoanza kwenda nilikuwa natunza stoo ya mbegu, nina cheti changu cha kidato cha nne na sina pa kwenda Jumamosi. Tulikuwa watu kumi na nne, mara nyingine kumi na sita. Kulikuwa na daktari wa mifugo, karani wa benki, walimu wawili, wafanyabiashara wa Kichaga waliokuwa wanafunga maduka mapema siku hiyo, na dada mmoja wa posta ambaye alikuwa anatushinda sote, kisha anasema, "Poleni, kaka zangu," kwa sauti ya kutoa rambirambi. Watu wazima, wenye watoto shuleni, walikuwa wananuniana wiki nzima kwa sababu ya kona ya pili.

Hakukuwa na spea, na hiyo ilikuwa nusu ya raha. Tairi zikiisha tulikuwa tunachonga mipira ya chupa za penisilini. Alikuwa anatuletea daktari wa mifugo. Ng'ombe wa Oldonyo Sambu wakichomwa sindano nyingi, sisi tulikuwa na tairi za akiba. Kukiwa na mwaka mzuri, wa ng'ombe wazima, tuliteleza.

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa yeyote: dereva haligusi gari lake. Likianguka, anayeliokota na kulirudisha kwenye mfuo ni mtu aliyesimama kona. Kwa hiyo kila gari lina mtu wake wa kona; wawili wakiendesha, wawili wanasimama kona, na mbio zikiisha wanabadilishana. Sheria ilitokana na ugomvi wa zamani, kabla yangu, mtu alipoinama kuokota la kwake akalivunja la mwenzake kwa kiwiko. Mzee aliieleza vizuri zaidi. Alisema mtu akiokota la kwake anaokota kwa hasira, akiokota la mwenzake anaokota kwa adabu. Si kweli. Dada wa posta alikuwa analiokota langu kama anayetoa panya kwenye unga. Lakini sheria ilikuwa sheria, na maana yake ni kwamba mchezo wetu haukuwahi kuchezwa na watu chini ya wanne.

Kisha ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa.

Sina ugomvi na ruksa. Sabuni ilirudi, sukari ilirudi, na mimi nilivaa suruali ya mtumba ambayo bado ninayo. Nasema tu kilichotokea kwenye banda. Jumamosi moja daktari wa mifugo alikuja na gari. Gari kweli, lililotoka Dubai, lina maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Alipiga honi nje. Tukatoka wote. Tulilizunguka, tukafungua boneti, tukaingia kwa zamu tukakaa kwenye usukani tukishika gia bila kuondoka. Mmoja wa wale walimu alilipiga teke tairi la nyuma kwa heshima. Saa ya chai ilipofika ndipo tulipokumbuka kwamba hatukuwa tumeshindana hata mzunguko mmoja. Mzee alikuwa amebaki ndani. Tulipoingia alikuwa anafuta shaba kwa kitambaa, akatuuliza, "Linaendaje?"

"Linaenda vizuri, mzee," akasema daktari.

"Kwenye kona?"

"Linapinda lenyewe, mzee. Unazungusha tu."

"Aha," akasema mzee, akaendelea kufuta.

Daktari hakurudi tena. Si kwamba alitukasirikia. Jumamosi alikuwa anaosha gari. Baada yake akaenda mwalimu mmoja, aliyenunua pikapu kwa kushirikiana na shemeji yake na kuanza kubeba ndizi. Halafu wafanyabiashara, mmoja baada ya mwingine, maana sasa ukifunga duka Jumamosi mchana jirani yako hafungi. Wengine walinunua madishi na televisheni, wakawa wanatazama nyumbani magari ya Ulaya yakishindana, makubwa, yenye kelele. Mmoja alituambia mjini kumefika mchezo wa kwenye televisheni wenye gari unaloweza kulipeleka hata nje ya barabara ukagonga nyumba ya mtu. Alisema hivyo kama sifa.

Jambo lililonichekesha, nikalicheka peke yangu kwa sababu hakuna aliyebaki wa kucheka naye, ni hili. Tulipokuwa hatuna magari tulikutana kila wiki kushindana kwa magari. Yalipokuja magari, hakuna aliyekuwa na nafasi ya mchezo wa magari. Mimi sikupata gari. Mshahara wa stoo haukufika huko, na hata ungefika ningelipeleka wapi? Mke wangu alikuwa anasema ninunue usukani mtupu niufunge kwenye mkono wa kochi.

Tukabaki wanne: mzee, karani wa benki, dada wa posta, na mimi. Hapo ndipo mwana wa mzee alipoleta pikapu yake.

Alikuwa anafanya biashara ya Namanga, kijana mwenye bidii, hana neno baya kwa mtu. Pikapu ililala uani usiku wa kwanza. Usiku wa tatu wezi waling'oa vioo vya pembeni na taa moja. Jumamosi iliyofuata mama wa pale nyumbani, mke wa mzee, alituletea chai kama kawaida, ila hakuondoka. Alisimama akitazama meza.

"Baba," akasema, "gari la mtoto linalala nje, na midoli inalala ndani."

"Si midoli," akasema mzee.

"Haya, si midoli. Inalala ndani."

Sisi tukanywa chai kwa umakini mkubwa. Mama hakuwa mtu wa kelele. Kwa miaka yote ile alikuwa ametuchemshia chai bila kuuliza tunafanya nini mle ndani, na sheria ya mzee aliijua kuliko baadhi yetu. Alisema, "Mimi sikunyimi starehe yako. Mkiwa wanne, endeleeni. Lakini Jumamosi mtakayokosa wanne, meza itoke gari liingie. Maana hapo hata nyinyi hamchezi."

"Sawa," akasema mzee. Halafu akatugeukia sisi, akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayekagua viti kabla ya wageni kuja.

Lazima niseme meza ile ilikuwa nini kwake. Alikuwa amestaafu. Macho yalianza kumwacha, ila vidole vilikuwa havijapata habari. Jumatatu alikuwa anapiga shaba msasa. Jumanne anatia mota mafuta ya cherehani. Katikati ya wiki anachonga tairi, na Ijumaa anajaribisha kila njia peke yake polepole, kigari kisianguke, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwokotea. Wiki yake nzima ilikuwa imeegemea saa tatu za Jumamosi. Ukimtolea ile meza angebaki na veranda na kiti. Tulijua hivyo. Karani alikuwa anakuja hata akiwa na mafua. Dada wa posta aliwahi kuja akiwa na mtoto mgongoni, akamshinda karani huku mtoto akimvuta sikio. Mimi nilikuwa nafika wa mwisho, lakini nilikuwa nafika. Tulidumu hivyo karibu mwaka.

Ilikuwa Julai. Wanaoishi chini ya mlima wanajua Julai. Wingu lilikuwa limeukalia Meru wiki nzima kama mgeni asiyeaga, na manyunyu yalikuwa hayanyeshi wala hayaachi. Na juu ya hayo kulikuwa na mgao wa umeme. Mvua ilikuwa kwetu, mabwawa yalikuwa kwingine. Zamu ya wiki ile ilitukata sisi wa Sanawari na wale wa Themi siku moja, Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Nikafanya hesabu yangu. Hakuna umeme, hakuna mbio. Hakuna mbio, hakuna haja ya kuvaa koti. Nikiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nampenda mzee, na nilikuwa napenda mchezo, lakini kuna kitu nilichokuwa nakipenda kabla ya hivyo vyote, nacho ni kutotoka.

"Leo huendi kwa mzee wako?" mke wangu akauliza.

"Umeme hakuna."

"Amekwambia msije?"

"Hahitaji kuniambia. Kule nako wamekata."

"Mimi nimeuliza tu," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajauliza tu.

Saa kumi hivi alasiri nikasikia hodi. Niliijua sauti kabla haijamaliza neno. Mzee alikuwa na hodi ya kiseremala, anagonga mara mbili kisha anangoja kama anasikiliza mbao. Alikuwa hajawahi kuja kwangu isipokuwa siku ya msiba na siku ya mtoto kubatizwa, na siku zote mbili alikaa mpaka chakula cha usiku. Nikajua amekuja kulalamikia mgao. Nikaona jioni yangu yote inakwenda. Ningetoa blanketi, ningetafuta shati, ningesikiliza habari za umeme kutoka kwa mtu aliyeanza kuutumia kabla sijazaliwa.

Mke wangu alitokea jikoni anafuta mikono.

"Mwambie sipo," nikamnong'oneza.

Akasimama. "Hupo, uko wapi?"

"Popote."

"Wewe hata sokoni unaagiza. Niseme umekwenda wapi?"

"Sema nimetoka."

Aliniangalia namna ambayo sitaieleza, akaenda mlangoni. Niliteremka kwenye kochi mpaka kichwa kikawa chini ya usawa wa dirisha. Nina umri wa baba wa watoto watatu, nimelala ubavu nimeshika kikombe kisimwagike.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Habari za hapa."

"Nzuri. Karibu ndani, mzee, unalowa."

"Sikai, mama. Bwana yupo?"

"Ametoka."

Nilisikia manyunyu kwenye bati.

"Ametoka," akasema mzee. Hakuwa anauliza. Alikuwa analijaribu neno.

"Ametoka kidogo."

"Kwa hali ya hewa hii."

"Hakusema anakwenda wapi, mzee. Kuna ujumbe?"

"Hapana. Akirudi mwambie nilipita."

"Niseme kuna shida?"

"Sema nilipita tu. Kwaheri, mama."

Mke wangu alirudi akasimama mbele yangu. "Amelowa mpaka soksi," akasema. "Ameweka mfuko wa nailoni kichwani."

"Si ungemkaribisha."

"Nimemkaribisha. Ulitaka aingie akukute hapo chini?"

Chai ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo.

Jumatatu nilikwenda posta kutuma barua ya ofisi. Dada wa posta alikuwa dirishani, anagonga mihuri. Aliichukua barua, akaipima, hakuniangalia.

"Kaka, Jumamosi ulikwenda wapi?"

"Nilitoka kidogo."

"Nimesikia. Nikamwambia karani, huyu akitoka lazima kuna msiba."

"Lakini umeme haukuwepo," nikasema.

Hapo akaniangalia. "Wewe si ndiye unayewaelezea wageni kila siku volti kumi na mbili, volti kumi na mbili, haiui panzi?"

"Ndiyo."

"Betri ya gari ina volti ngapi?"

Nilisimama na mteja mwingine nyuma yangu akikohoa kwenye foleni, na jibu lenyewe nilikuwa nimelisema kwa majigambo kila Jumamosi ya maisha yangu ya utu uzima.

Akanieleza huku akigonga mihuri. Asubuhi ile mzee alikuwa ameingia chini ya boneti ya pikapu ya mwanawe, akafungua betri, akaibeba mpaka bandani akiikumbatia kifuani. Akaiunga kwenye shaba. Meza ilikuwa haijawahi kukimbia vile. Umeme wa betri hautetemi, alisema dada, mzee akivijaribisha ulikuwa unasikia vigari vinaimba. Yeye alifika saa nane, karani akafika saa nane na robo. Wakakaa. Saa tisa ikapita. Wakasema labda nimechelewa, maana kuchelewa ni kawaida yangu. Ilipokaribia saa kumi mzee akavaa koti.

"Tukamwambia, mzee, mvua. Akasema, 'Namfuata. Yule hana shida, yule yuko nyumbani siku zote.'"

Akagonga muhuri.

"Akaja kwa miguu?" nikauliza.

"Angekuja na nini? Betri ya gari ilikuwa mezani."

Kumbe mzee alipokuwa njiani kuja kwangu, mwanawe alitaka kuondoka, akazungusha ufunguo, kimya. Alifungua boneti akakuta nafasi tupu. Aliingia bandani, akawasalimia, akaiona betri mezani. Hakusema neno, akakaa uani kungoja. Mama naye akatoka jikoni, akaja mlangoni mwa banda. Mzee aliporudi, peke yake, anachuruzika maji, mama alimuuliza kitu kimoja tu: "Mko wangapi?"

"Angesema unakuja nyuma," dada akaniambia, "sisi tungeitikia. Karani alikuwa ameshafungua mdomo. Mama mwenyewe nadhani angekubali. Mzee akasema, 'Watatu.'"

"Akasema nini kuhusu mimi?"

"Alisema umetoka." Akanirudishia chenji. "Anayefuata."

Jumamosi iliyofuata nilifika Themi saa tano asubuhi. Sikuwahi kufika mahali popote mapema namna ile. Pikapu ilikuwa uani, imegeuzwa, pua inatazama banda, na mwana wa mzee alikuwa anaifuta kioo kwa gazeti. Tofali za lango zilikuwa zimeshabomolewa na kupangwa ukutani, na kwa mara ya kwanza nikaiona meza kwa mwanga wa jua. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na yenye mabaka. Karani na dada hawakuwepo. Hawakuwa na sababu ya kuwepo.

Mzee alikuwa ameshang'oa shaba zote na kuziviringisha. Vigari vilikuwa kwenye sanduku la soda, vimefungwa kwa matambara. Alikuwa ameshika msumeno. Meza ilijengwa mle ndani, imepigiliwa kuta tatu, na hakukuwa na namna ya kuitoa isipokuwa kuikata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi salama?"

Nilimwangalia usoni. Hapakuwa na kitu, si hasira wala mzaha. Alikuwa anangoja jibu.

"Nimerudi," nikasema.

"Safari ilikuwa nzuri?"

"Ya kawaida, mzee."

"Mbali?"

"Si mbali sana."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari za mgonjwa. "Haya. Shika huku."

Nikashika mwisho wa meza. Akaanza kukata, kwa kuvuka mifuo yote minne. Mbao ile ya saipresi, pamoja na miaka yote, ilitoa harufu kana kwamba imeangushwa jana. Msumeno ulikuwa unakwenda vizuri kwenye mbao, kisha ukifika kwenye mfuo unadumbukia na kukwama, na mzee anautoa na kuanza tena upande wa pili. Alikuwa ameichimba ile mifuo kwa mkono wake mwenyewe, na sasa kila mmoja ulikuwa unamsumbua.

Kipande cha kwanza kilipoanguka nikasema, "Mzee, hiki tunaweza kukipeleka kwangu. Sebuleni. Tukaweka njia mbili tu."

"Mke wako anajua?"

"Nitamwambia."

"Na watu?"

"Watakuja, mzee. Kwangu ni karibu na barabara."

"Watakuja," akasema. Akapima kipande cha pili kwa macho, akaweka alama kwa kucha kwa sababu penseli hakuiona, ingawa ilikuwa sikioni mwake. "Mama anataka hizi kwa banda la kuku. Nimeshamwambia achukue."

Tukakata. Mikono yangu haikuzoea, kwenye kipande cha tatu nikaegemeza mbao pajani. Nje mwanawe alimaliza kioo akaanza kufuta taa, ile mpya, ambayo haikufanana na mwenzake. Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Sanawari, mengi, yenye mgao ndani yake, yenye mvua, yenye kifua cha mtoto. Yote yalinitoka.

"Mzee. Jumamosi ile nilikuwa ndani."

Msumeno haukusimama.

"Najua," akasema. "Viatu vyako vilikuwa mlangoni."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie mama wa watu anadanganya, nyumbani kwake?"

Vumbi la mbao lilikuwa linaniangukia miguuni. Alikata mpaka mfuo wa tatu, akakwama, akauvuta msumeno, akaupuliza meno.

"Nilisimama kidogo pale nje," akasema. "Mkeo alipofunga. Nikasema labda utatoka uvae vile viatu."

Akageuza msumeno akaanza kutokea upande wangu.

"Shika vizuri," akasema. "Mbao inabana."

Nikashika vizuri. Nje pikapu iliwashwa, ikaachwa ingurume, ipate joto.